Mti Alioupanda Mgeni Rasmi Uko Wapi?

Asante mwenyekiti. Shikamooni wakubwa, vijana mambo vipi.

Kabla sijaanza nina swali dogo. Nimefika hapa mapema, saa moja na nusu, milango haijafunguliwa, nikazunguka huko nyuma ya ukumbi nikakuta kibustani kizuri tu, viti vitatu vya zege, miti miwili ya mikungu, ukoka umekauka rangi ya mkate, na bomba. Bomba lina kufuli. Ufunguo anao nani? Mtu wa ukumbi yupo? Hakuna? Haya, ulizeni huko nje, tutarudi kwenye hilo.

Kwenye karatasi mada yangu imeandikwa kupendezesha jiji na kutunza maeneo ya wazi. Sasa hilo neno la kwanza sina ugomvi nalo ila nalijua, watu wakisikia kupendezesha akili inakimbilia rangi, maua, sanamu ya samaki katikati ya kipilefti na chemchemi yenye taa za bluu. Mimi nimekuja na lile neno jingine, kutunza. Wanaonijua wameshaanza kucheka kule nyuma, wanajua mzee anakwenda kwenye ule mti wake. Ndio, nakwenda kwenye mti wangu, na mtausikia tena.

Nimefanya kazi kwenye bustani za umma hapa Dar miaka 28. Mwaka mmoja, siutaji, halmashauri moja, nayo siitaji, tukapanda miche 200 kando ya barabara mpya, mwarobaini yote. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 5 mwezi wa 6, Siku ya Mazingira Duniani. Maturubai, viti vya kukodi vyenye vitambaa, ngoma, maji ya chupa, fulana za kijani, kofia. Mashimo tulishachimba jana yake usiku ili mgeni rasmi asitoke jasho. Akapewa jembe jipya limefungwa utepe, akasukuma udongo mara tatu, akapewa keni akamwagilia, picha, makofi. Ile keni nilikuwa nimeishika mimi upande wa pili, kwenye picha unaona mkono wangu tu.

Sasa wewe mkazi wa Dar niambie, tarehe 5 mwezi wa 6 mvua iko wapi? Masika yameshakwenda zake! Mbele yako una Juni, Julai, Agosti, Septemba, mpaka mvua za vuli zije huko Oktoba, nazo zikipenda. Hiyo tarehe imepangwa kwa dunia nzima, haikupangwa kwa kuangalia mawingu ya Mbagala. Adhimisha ukitaka, hotubia, imba, lakini mti panda mwezi wa tatu mvua zinapoanza. Mimi kwenye kikao cha maandalizi nikauliza, nani atamwagilia? Nikajibiwa boza la maji lipo. Kweli lilikuwepo. Lilikuja mara mbili. Mara ya tatu tairi, mara ya nne dizeli, mara ya tano boza limehamishiwa kumwagia vumbi kwenye barabara nyingine ambayo kuna mgeni rasmi mwingine anakuja kuzindua.

Wakaja mbuzi. Wakaja wale wanaogeuza gari pale pale kwenye miche. Mwezi wa tisa nikapita kwa miguu toka mwanzo mpaka mwisho, vijiti vitupu, na kila kijiti kina kibao chake cha bati, mti huu umepandwa na mheshimiwa fulani, rangi haijatoka hata kidogo. Kibao kilikuwa kinatunzika kuliko mti.

Nikafika mti wa 41, nilikuwa nahesabu, nikasimama. Umenifika kifuani! Majani mabichi, umefungwa kwenye mti wa kuegemea kwa kipande cha kanga, chini umezungushiwa tairi bovu mbuzi asifikie. Pembeni kuna mama ntilie, meza moja, mabenchi mawili, sufuria. Nikamwambia habari za kazi mama, nani anautunza huu mti? Akaniangalia kama nimekuja kumdai ushuru. Baadaye akafunguka, akasema kaka, maji ya kuoshea mchele namwaga wapi, si hapo hapo, na ya wateja kunawa hapo hapo. Halafu akasema hivi, na haya maneno sijayasahau, mimi nimechoka kuhamisha benchi kaka, ikifika saa saba jua linawapiga wateja mgongoni wanakimbilia kwa mwenzangu, huu ukikua sihami tena.

Yule mama hakuwahi kuhudhuria semina ya mazingira. Hakupewa fulana. Alikuwa na sababu, alikuwa na maji, na alikuwepo pale kila siku toka saa kumi na mbili asubuhi. Halmashauri ilikuwa na boza na bajeti na mimi mwenye cheti changu, ila hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo pale kila siku.

Mwaka wa tatu ule mti una kivuli cha kutosha pikipiki sita, bodaboda wameweka kijiwe, wanafagia wenyewe kwa zamu maana hakuna anayependa kukaa juu ya maganda ya mihogo. Ikaja oparesheni ya usafi. Mgambo wakabeba meza, wakabeba sufuria likiwa na maharage ndani, mama akaondoka. Miezi miwili baadaye nimepita, chini ya mti ni dampo, mifuko, chupa, nepi za watoto. Yaani tumesafisha mpaka pakachafuka.

Najua mtu ameshanyoosha mkono, shusha kwanza mkono ndugu yangu nitakujibu kabla hujauliza. Utaniambia mzee unatetea uchafu, mama ntilie hao hao ndio wanamwaga mabaki kwenye mtaro, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani kwetu. Kweli wapo. Sasa dawa ni kumpa mtu eneo lake, hatua kumi huku hatua kumi kule, mti wake, ndoo yake ya taka, ukimkuta pachafu unajua unamuuliza nani. Ukimfukuza unamuuliza nani? Upepo? Nendeni Forodhani pale Unguja jioni. Ile bustani ilikarabatiwa na mfuko wa Aga Khan ikafunguliwa upya 2009, ukoka, taa, njia za kupita, kazi safi. Lakini wauza mishkaki na juisi ya miwa na urojo hawakufukuzwa moja kwa moja, walirudi wakapangiwa sehemu yao, jioni meza zinapangwa na watu wamejaa, watoto wanajirusha baharini kutoka ukutani. Mahali penye macho ya watu mpaka saa tano usiku nani atakuja kung'oa taa akauze skrepa?

Halafu kuna wale wa kusema pesa hakuna. Hapa ndio huwa napandisha presha na mke wangu amenikataza. Pesa hakuna! Ya maturubai ilitoka wapi? Ya ngoma? Ya ile sahani ya marumaru yenye jina la mgeni? Chukua gharama ya uzinduzi mmoja, ile siku moja ya masaa matatu, halafu nunua mpira wa maji, reki, toroli, na mlipe kijana mmoja wa mtaa huo huo mshahara wa mwezi, uone itafika miezi mingapi. Mimi nilishaifanya hiyo hesabu kwa risiti za ile shughuli yetu nikaipeleka kikaoni. Nikaambiwa fungu la uzinduzi ni fungu lingine. Sawa. Kwenye bajeti kuna mstari wa kujenga bustani, mstari wa kuikabidhi na mstari wa kuizindua, ila wa kuimwagilia utautafuta mpaka macho yaume.

Na sio kwamba hatuwezi kushika fagio. Tarehe 9 Desemba 2015 Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru akasema tufanye usafi, si tulitoka? Tulitoka mpaka wenye makoti. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi maduka yanafungwa asubuhi tunafagia. Lakini mtaani kwangu taka tulizozoa siku ile tulizirundika vizuri kabisa kando ya barabara, na zilikaa pale mpaka kuku wakazirudisha zilikotoka. Kufagia kulikuwa na tarehe, kuzoa hakukuwa na tarehe.

Moshi wanawezaje? Maana kila mtu akipita Moshi anarudi anasimulia jinsi mji ulivyo msafi, utadhani katoka Ulaya. Utaniambia Moshi padogo, Dar ina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022. Kwani mimi nimekwambia usafishe Dar? Hakuna mtu anayeishi Dar, watu wanaishi Manzese, Tandika, Kijichi, na ndani ya Manzese wanaishi mtaa fulani wenye mwenyekiti wake na mjumbe wake. Huo mtaa ni mdogo kuliko Moshi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Dakika ngapi? Tano? Mada nilikuwa na karatasi nne hapa, basi nazikimbiza.

Uzio. Tuna ugonjwa wa kuzungushia bustani nondo na kuandika usikanyage majani, halafu tunashangaa hakuna anayeijali. Kama siruhusiwi kuingia mimi inanihusu nini? Pale Mnazi Mmoja tuna uwanja wazi ulioachwa toka enzi za mkoloni kwa nia mbaya kabisa, ya kutenga Kariakoo ya Waafrika na mjini kwa wengine, leo ndio pumzi yetu, kazi yetu iwe kuongeza milango.

Choo. Sehemu ya wazi isiyo na choo ukuta wake wote ni choo, sitaki kuendelea.

Taa, nilishagusia. Sanamu ya Askari pale mjini, imesimama toka 1927 kwa sababu ni shaba nzito na watu hawaipandi, siwezi kusema ni kwa sababu tunaitunza. Ufukweni, zile mita 60 toka majini ambazo sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga mnazijua, nendeni na futi kamba siku moja mkapime wenyewe, msiniulize mimi majina ya wenye kuta.

Mitaro naiacha, ingehitaji siku nzima na watu wangepigana.

Eeh, kijana karudi. Umempata mwenye ufunguo? Anao nani? Dereva. Na dereva yuko wapi? Kibaha. Anarudi lini? ...Jumatatu.

Haya jamani, maswali. Ila wenye chupa za maji mezani ambazo hamjamaliza, msizitupe, tukitoka tupitie kwa nyuma.