Córdoba, Sevilla, Granada: namna ya kupanga safari ya miji mikongwe ya Andalusia

(Mhadhara uliotolewa Lamu, baada ya swala ya Alasiri)

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mashekhe, kina mama, na nyinyi vijana mlioketi nyuma karibu na mlango, karibuni.

Mada yetu ni Andalusia, kusini mwa Uhispania. Historia yake wengi hapa mnaijua kuliko mtu wa kuwafundisha, kwa hiyo nitashughulika na mpangilio wa safari, maana huko ndiko watu wanakoanguka. Mtu anatumia akiba ya miaka, anafika Granada, anaambiwa langoni kwamba tiketi za Alhambra, ile ngome yenye kasri za wafalme, zilikwisha wiki kadhaa nyuma. Anaishia kuitazama kutoka ng'ambo ya bonde.

Wengi wetu huanza na tiketi ya ndege kwa sababu ndiyo ghali. Lakini ndege husogezwa, ukilipa tofauti. Hoteli hubadilishwa. Kisichosogea katika safari hii ni saa moja tu: saa iliyoandikwa kwenye tiketi yako ya kuingia kasri za Banu Nasr, nasaba ya mwisho ya Kiislamu kutawala Granada, ndani ya Alhambra. Ipate saa hiyo kwanza, kisha hesabu kurudi nyuma mpaka siku ya kuvuka kwenda Manda kupanda ndege.

Tiketi hiyo ina mambo yake. Kuna aina zaidi ya moja. Ile ya kawaida inajumuisha kasri, ngome na bustani za Generalife. Kuna nyingine, ya bei nafuu kidogo, ya bustani na ngome peke yake, haina kasri. Hiyo ndiyo wanayoibonyeza wenye haraka, wakaja kugundua mlangoni. Kasri kwenye tiketi huitwa Palacios Nazaríes. Usipoyaona maneno hayo na saa pembeni yake, hujanunua ulichokusudia. Nunua kwenye tovuti rasmi ya Alhambra. Zikiwa zimekwisha, tafuta ziara zenye kiongozi, au kadi ya mji wa Granada ambayo huwa na nafasi ya Alhambra ndani yake, au ziara ya usiku, ambayo ni ya kasri bila bustani.

Tiketi hubeba jina na namba ya pasipoti, na pasipoti yenyewe huombwa, si picha ya simu. Hapa sisi watu wa pwani tuna tatizo letu. Mohamed, Mohammed na Muhammad kwetu ni mtu mmoja. Kwa mashine ni watu watatu. Shee na Sheikh vilevile. Nakili jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwenye viza, ndege, treni na Alhambra. Usimwachie kijana wa saiba, duka la intaneti, akuandikie kwa kusikia.

Sasa njia. Ingieni Madrid, mshuke Córdoba, halafu Sevilla, halafu Granada, na mtokee Málaga. Ukipitia Istanbul, ndege hufika Madrid na Málaga pia, kwa hiyo unaweza kuomba tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine, usirudie njia uliyopita. Kwa treni ya kasi, Madrid mpaka Córdoba ni kama saa moja na dakika 45. Córdoba mpaka Sevilla ni dakika 45. Sevilla mpaka Granada, kwa basi au treni, hesabu saa tatu. Granada mpaka Málaga basi huchukua chini kidogo ya saa mbili.

Ipo sababu nyingine ya kufuata mpangilio huo, nami naiona kubwa kuliko hiyo ya kutorudia njia. Unakwenda kwa mpangilio wa tarehe. Córdoba ni ya nasaba ya Bani Umayya, karne ya 8 mpaka ya 10. Sevilla ni ya Muwahhidun, watawala waliotoka Morocco, karne ya 12. Granada ndiyo ya mwisho, kasri lilianza kujengwa 1238 na mji ukasalimishwa tarehe 2 Januari 1492. Hata kuanguka kwake kulifuata mstari huo huo: Córdoba 1236, Sevilla 1248, kisha Granada. Anayeanza Granada huona kilele kabla ya mlima, na msikiti wa Córdoba humpita akiwa amekwisha shiba mapambo.

Mgawanyo wa usiku: Madrid mmoja wa kupumzika, Córdoba miwili, Sevilla mitatu, Granada mitatu, Málaga mmoja. Ni kumi. Alhambra iwekeni siku kamili ya pili Granada, kamwe isiwe siku ya kufika. Treni ikichelewa siku ya kufika, umepoteza kitu ambacho fedha haikirudishi.

Viza ni ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na huombwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, hata kama ndege yako inatua kwingine kwanza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Msikae mkangoja hizo siku 15. Kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kuvuta mpaka siku 45. Anzeni miezi mitatu kabla. Ada tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya hapo hakuna ada. Juu yake kuna malipo ya kituo kinachopokea maombi.

Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari isipungue euro 30,000 kwa matibabu na kurudishwa nyumbani. Taarifa ya benki iwe na mwendo wa kawaida: fedha ikiingia nyingi kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi, watakuuliza imetoka wapi, na swali hilo mara nyingi huulizwa kwa njia ya kukunyima. Tiketi ya ndege si lazima iwe imelipwa. Uhifadhi wa nafasi unatosha. Hoteli chagua zinazoruhusu kufuta bila malipo. Alhambra nunua mapema hata kabla ya viza kutoka, na usihesabu kurudishiwa. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kuikosa.

Alama za vidole huchukuliwa Nairobi, ana kwa ana, kwa kila mwenye miaka 12 na zaidi. Baada ya hapo hutumika tena kwa miezi 59. Na pasipoti hubaki kwao mpaka jibu litoke, basi anayenuia Umra miezi hiyo apange kwanza kipi kitangulie. Tena, ndege za kutoka Manda nyingine hutua Wilson, nyingine uwanja mkubwa wa Jomo Kenyatta. Siku ya safari yenyewe, tofauti hiyo ni foleni ya magari ya Nairobi. Na ndege ndogo nyingi huruhusu mzigo wa kilo 15 tu, hata kama ile kubwa ya usiku inakupa 23. Pima kwa kipimo cha ile ndogo.

Tukifika Córdoba. Hapa Lamu tunawajua wageni wanaoshuka gatini asubuhi, wakapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, wakapiga picha milango na punda, jioni wakaondoka. Tunawacheka. Wengi huifanyia Córdoba yayo hayo, kwa treni kutoka Sevilla. Anayelala pale hupata faida moja kubwa: Jumatatu hadi Jumamosi, kwa kawaida, msikiti mkuu hufunguliwa bure kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, bila makundi. Lipia pia siku ya pili uingie tena, kwa sababu saa moja haitoshi.

Namna ya kuutembea: ingia kwa upande wa ua wa michungwa, ukae kulia, uende moja kwa moja mpaka mihrabu. Unapoanzia ni jengo la Abd al-Rahman wa Kwanza, la miaka ya 780. Mbele yake nyongeza ya Abd al-Rahman wa Pili. Mwisho kabisa, penye mihrabu ya vigae vya dhahabu, ni kazi ya al-Hakam wa Pili, miaka ya 960. Halafu geuka mashariki, kwenye nyongeza ya al-Mansur ya 987. Matao yana mistari myekundu na myeupe vilevile, lakini tazama vizuri: kule kwa wa kwanza ni matofali na mawe yaliyopishanishwa kweli, huku sehemu kubwa ni rangi iliyopakwa. Nguzo zinazidi 850, na katikati yake kuna kanisa lililoanza kujengwa 1523.

Jambo hili lisemwe wazi: jengo lile leo ni kanisa kuu, na Waislamu hawaruhusiwi kuswali ndani. Walinzi hufuatilia. Hata kuinua mikono kwa dua mbele ya mihrabu kunaweza kukuletea mtu begani. Swali kabla ya kuingia, au hotelini.

Kilomita nane magharibi ya mji ziko magofu ya Madinat al-Zahra, mji wa kasri ulioanza kujengwa 936. Basi hukushusha penye jumba la makumbusho, na hapo hupandwa basi jingine dogo mpaka kwenye magofu. Jumatatu hufungwa. Kivuli ni kidogo sana, beba maji.

Sevilla nitaipita upesi. Kanisa kuu limejengwa palipokuwa msikiti wa Muwahhidun, na mnara wake, Giralda, ndio mnara wa msikiti ule, uliokamilika 1198. Ndani hauna ngazi isipokuwa chache za mwisho, una mteremko wa kupinda mara 35, uliotengenezwa ili mnyama aweze kupandwa mpaka juu, kwa hiyo hata mzee mwenye magoti mabovu huweza kupanda akipumzika. Jumapili hufunguliwa mchana tu, kwa sababu ya ibada. Kasri la Alcázar tiketi yake ina saa, nunua mapema. Ndani yake, lile la mfalme Pedro, la miaka ya 1360, lilijengwa na mfalme Mkristo, kwa mafundi wa Kiislamu, na maandishi ya Kiarabu yamo ukutani. Ndilo linalokuandaa kwa Granada.

Granada iko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari, karibu na milima ya theluji. Novemba na Desemba usiku ni baridi kweli, na shuka la kujifunika la Lamu halisaidii. Nunua koti Nairobi kwenye mitumba kabla ya kuondoka. Kupanda Alhambra kwa miguu kutoka Plaza Nueva ni mwinuko wa dakika 20 au zaidi. Basi dogo namba C30 hupanda pia. Ukiingilia lango kuu la Generalife, kutoka hapo mpaka kasri ni mwendo wa dakika 15 hadi 20, na hilo ndilo linalowaponza watu: wanafika langoni saa ileile iliyoandikwa kwenye tiketi, wakati saa hiyo ni ya mlango wa kasri. Mwenye tiketi tayari hupita lango jingine, Puerta de la Justicia, ni karibu zaidi. Ukishatoka ndani ya kasri huruhusiwi kurudi tena, basi usisukumwe na wanaokuja nyuma.

Kule ndani mna faida waliyo nayo wageni wachache: mnasoma. "Wa la ghaliba illa Allah", hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, imerudiwa ukuta hadi ukuta, na pembezoni mwa beseni la chemchemi ya simba 12 kuna mashairi ya Ibn Zamrak. Maandishi mengi yako juu sana. Darubini ndogo ya mfukoni ina kazi kuliko kamera. Na penye matao ya kuingilia ukumbi wa mabalozi tazameni vidaka vya mitungi ya maji, mle ukutani. Kwa swala ya Ijumaa, kuna msikiti mtaa wa Albaicín, uliofunguliwa 2003, unaotazamana na Alhambra.

Msimu. Likizo ya shule ya Agosti ndiyo inayowavuta wenye familia, nayo ndiyo mbaya kuliko zote: Sevilla na Córdoba hupita nyuzi 40, joto kavu lisilo na upepo wa bahari. Wiki ya kabla ya Pasaka barabara hufungwa kwa maandamano ya kidini na hoteli hupanda bei. Likizo ya Novemba na Desemba ndiyo ningeichagua. Nyakati za jua nazo zitawashangaza. Mwisho wa Juni Sevilla magharibi huingia karibu saa nne kasorobo usiku na adhuhuri ni baada ya saa nane mchana. Desemba jua huchomoza saa mbili na nusu asubuhi. Tumieni programu ya nyakati za swala iliyowekwa mji husika, msikadirie kwa macho.

Chakula kinataka tahadhari, maana nyama ya nguruwe hujificha. Salmorejo, supu baridi ya nyanya ya Córdoba, hunyunyiziwa vipande vyake juu. Biskuti za mantecados hukandwa kwa mafuta yake. Kusema huli nyama hakutoshi, kwa sababu wengine hawaihesabu hiyo kuwa nyama. Sema "sin jamón, sin manteca", yaani bila paja la nguruwe, bila mafuta yake. Samaki wa kukaanga wako kila mahali, waulizeni mafuta. Granada, mitaa ya Calderería, kuna mikahawa ya Wamoroko. Chakula cha usiku mikahawa mingi haitoi kabla ya saa mbili na nusu, basi mwenye watoto awe na mkate na matunda chumbani.

Nimeulizwa kabla ya kuanza, kwa mwenye usiku sita tu afanyeje. Aache Sevilla. Madrid mmoja, Córdoba miwili, Granada mitatu. Córdoba mpaka Granada treni ni kama saa moja na nusu, na kutoka Granada arudi Madrid kwa treni ya kasi, saa tatu na ushei, akapande ndege ya jioni. Wenye maswali mengine, kipaza sauti kinakuja.