Saa Moja kwa Wiki: Takwimu za Ajira na Maandalizi ya Kaya

HAMISI: Karibuni wasikilizaji. Leo tunazungumzia takwimu za ukosefu wa ajira, na naomba tuanzie Nigeria. Kwa robo ya mwisho ya mwaka 2020, ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ilitangaza kwamba asilimia 33.3 ya nguvukazi, yaani watu wenye kazi pamoja na wanaoitafuta, haikuwa na ajira. Agosti 2023 ofisi hiyo hiyo ikatangaza kwamba, katika robo ya kwanza ya mwaka huo, kiwango kilikuwa asilimia 4.1. Dada Rehema, kijana anayezunguka Lagos na bahasha ya vyeti aamini lipi?

REHEMA: Aelewe kwanza kwamba kipimo kimebadilishwa. Zamani Nigeria ilimhesabu mtu aliyefanya kazi chini ya saa 20 kwa wiki kuwa hana ajira. Utaratibu mpya, unaofuata miongozo ya Shirika la Kazi Duniani, unamhesabu kuwa na ajira mtu yeyote aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa angalau saa moja katika wiki inayoulizwa. Kwa hiyo aliyeshusha mizigo ya lori Jumanne asubuhi, akapewa ujira wake, kisha akakaa nyumbani siku zote zilizobaki, anawekwa fungu moja na karani wa benki.

HAMISI: Basi wanaosema kwamba takwimu hizi zimepikwa wana hoja.

REHEMA: Hapo tuwe waangalifu, kaka Hamisi. Kupika takwimu ni kubadilisha majibu ya wananchi, na hapa kigezo kimechapishwa wazi na kinatumika katika nchi nyingi, kwa kuwa wanaopima pato la taifa wanahitaji kila saa ya uzalishaji ihesabiwe. Ninaowalaumu ni wale wanaoichukua namba hiyo moja na kuitangaza kana kwamba inaeleza hali ya maisha. Katika nchi ambayo asiye na kazi hapati ruzuku yoyote, hakuna mwenye uwezo wa kukaa bure: atauza maji kwenye foleni ya magari, atakaanga mihogo, atafua nguo za watu, na kila mara atahesabiwa kuwa ana ajira. Umaskini wenyewe ndio unaoshusha kiwango cha ukosefu wa ajira, na jambo hilo linanisikitisha sana ninapomsikia kiongozi akijivunia asilimia ndogo.

HAMISI: Kipo pia kigezo cha pili, kwamba asiye na ajira lazima awe anaitafuta.

REHEMA: Ndiyo, na Afrika Kusini ilituonyesha matokeo yake. Katika robo ya pili ya mwaka 2020, wakati wa zuio la kutoka nje kwa sababu ya korona, watu milioni 2.2 walipoteza kazi, lakini kiwango rasmi cha ukosefu wa ajira kilishuka kutoka asilimia 30.1 hadi 23.3. Waliopoteza kazi hawakuweza kuzunguka kutafuta nyingine, na kwa kuwa hawakutafuta, wengi wao waliondolewa kabisa katika hesabu ya nguvukazi. Hata hivyo, ofisi yao ya takwimu nitaisifu, kwa sababu katika taarifa hiyo hiyo ilichapisha kiwango kipana kinachowajumuisha pia watu wanaotaka kazi ingawa hawaitafuti, nacho kilikuwa asilimia 42.0. Ndiyo maana taarifa ya namna hii ikitoka, mimi huanza na majedwali ya waliokata tamaa ya kutafuta kazi na ya wanaofanya kazi saa chache kuliko wanavyotaka, kabla ya kusoma kichwa cha habari.

HAMISI: Sasa turudi kwetu Tanzania. Utafiti mkubwa wa nguvukazi ulifanyika mwaka 2014, na uliofuata ukawa wa 2020/21. Utafiti unaopishana kwa miaka mingi namna hiyo hauwezi kumwonya mtu kwamba mwezi ujao mambo yataharibika.

REHEMA: Hauwezi, na wala haukukusudiwa kufanya hivyo. Dalili za karibu ziko kazini na mtaani: mshahara uliokuwa ukiingia tarehe 25 unaanza kuingia tarehe 3, saa za ziada zinafutwa, mkataba wa mwaka mmoja unahuishwa kwa miezi mitatu tu. Tazama pia daftari la madeni la muuza duka wa mtaani kwako. Waliokuwa wakikopa mchele na mafuta sasa wakikopa hata chumvi na kiberiti, fedha zimepungua mifukoni, hata kama hakuna aliyetangaza lolote.

HAMISI: Na mtu ajiandae vipi? Wengi wanategemea kiinua mgongo.

REHEMA: Tukipigie hesabu, maana wengi hawajawahi kufanya hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kiinua mgongo kisipungue mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000, anayefanya kazi siku sita kwa wiki na aliyetumikia miaka sita, atapata takribani shilingi 970,000, kiasi ambacho hakifiki mishahara miwili. Kodi ya nyumba ikidaiwa kwa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, fedha hizo zinakwisha kabla ya ada ya shule. Kwa hiyo akiba ya kwanza iwe ya kodi na chakula, na iwekwe mahali inapoweza kutolewa ndani ya siku moja au mbili. Hisa za kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopa, ni jambo jema, lakini vikundi vingi hugawana mwisho wa mzunguko, na kazi inaweza kupotea mwezi wa tatu.

HAMISI: Na mikopo ya simu?

REHEMA: Ilipwe wakati mshahara bado unaingia. Deni la siku thelathini halimsubiri aliyeachishwa kazi.

HAMISI: Lipo pia fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

REHEMA: Lipo, ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Lakini wapo waajiri wanaokata mchango kwenye mshahara bila kuufikisha kwenye mfuko, na mfanyakazi anagundua siku anapokwenda kudai. Wiki hii kila msikilizaji aliyeajiriwa aombe taarifa ya michango yake, ailinganishe na hati zake za mshahara mwezi kwa mwezi, na akiona pengo aliandikie barua akiwa bado kazini.