Daftari Kwanza, Paneli Baadaye

Wazee wangu, akina mama, ndugu zangu wa Bagamoyo, asalaam aleikum. Na wenzetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Mmeniita tuzungumze namna ya kupanga sola ya nyumbani. Wengi tukiingia dukani tunaanza na kuuliza: paneli ya wati mia nne bei gani? Naomba swali hilo lisubiri. La kwanza ni hili: nyumba yako inakula uniti ngapi kwa siku? Asiyejua jibu atauziwa chochote kilichopo dukani.

Basi shika daftari, pita chumba kwa chumba. Kila kifaa kina kibandiko chenye wati zake. Zidisha wati hizo kwa saa unazokitumia kwa siku. Ukifika 1,000, hiyo ni uniti moja, ileile unayonunua kwenye LUKU.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya hapa kwetu. Taa nane za wati 7 zikiwaka saa tano: 280. Televisheni ya wati 60 na king'amuzi cha wati 15, saa tano: 375. Feni mbili za wati 50 usiku kucha, saa nane: 800. Simu za nyumba nzima: 60. Friji tusiizidishe kwa saa 24, maana mota yake huwaka na kujizima. Kwa friji ya wastani na joto hili la pwani, tuandike 1,000. Jumla ni 2,515, yaani uniti mbili na nusu.

Mtaona sijataja pasi wala jagi la kuchemshia maji. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa inakula 500, na hizo zingewasha ile televisheni zaidi ya saa nane. Pasi ipigwe mchana jua likiwa kali, na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri na paneli uwe wa kutumika nyumbani, iwe na uwezo wa kuibeba. Chai ibaki kwenye gesi.

Sasa ongeza asilimia 30, kwa sababu umeme hupotea njiani: kwenye waya, kwenye inveta, ndani ya betri, na kwenye paneli yenyewe inapopata joto. Tunafika kama 3,270. Hapo ndipo tunapogawa kwa saa za jua, yaani saa za jua kali kamili kwa siku, si mchana mzima, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Fundi wengi hugawa kwa saa tano au sita, jua la Januari. Mimi nagawa kwa nne, kwa sababu nawapangia masika. Mfumo unaotosha Aprili hautakuangusha Desemba. 3,270 kwa nne ni wati 817, hivyo paneli mbili za wati 450 zinatosha.

Betri ndiyo inayokula pesa, na ndiyo inayokufa mapema ikionewa. Usiku nyumba yetu inahitaji karibu uniti mbili: taa, televisheni, feni na nusu ya friji. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo nunua ya uniti nne na zaidi. Betri ya volti 12 yenye Ah 200 (ampea-saa, zidisha kwa volti upate wati-saa) ina uniti 2.4, mbili zinakupa 4.8. Ya lithiamu unaweza kuitumia hadi asilimia 80, basi uniti tatu zinatosha. Ni ghali siku ya kununua, lakini ikitunzwa hudumu miaka mingi kuliko ya asidi, na mwenye uwezo namshauri aanze nayo. Betri mbili za asidi ziunganishwe mfululizo mpate volti 24. Kwa mzigo uleule mkondo unashuka nusu, na upotevu kwenye waya uleule unashuka hadi robo. Na betri ya asidi isilale chumbani na watoto; inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Tupande juu ya paa. Sisi tuko kusini mwa ikweta, nyuzi sita na kitu, hivyo paneli zielekee kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita kaskazini yetu, na masika imo humo humo. Kwa hiyo paneli inayotazama kaskazini inakusaidia pale unapohitaji zaidi.

Lakini angalieni minazi! Fundi anayekuja Desemba anakuta paa jeupe, kivuli kimeangukia upande mwingine. Mwezi Juni mnazi wa mita 15 ulio kaskazini ya nyumba unatupa kivuli cha zaidi ya mita nane kuelekea kusini, adhuhuri kabisa, na asubuhi na jioni ni kirefu zaidi. Kivuli cha kuti moja juu ya kona ya paneli kinaweza kupunguza umeme kuliko ukubwa wake unavyoonekana, kwa sababu seli, vile vipande vidogo vya paneli, zimefungwa mfululizo. Tazameni paa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri kabla ya kutoboa bati.

Chumvi ya bahari nayo inakula vyuma. Fremu iwe ya alumini, boliti za chuma kisichoshika kutu, na paneli iachiwe nafasi juu ya bati upepo upite. Weka fyuzi karibu na betri, sakiti breka ya DC (umeme wa paneli na betri) kati ya paneli na chaji kontrola, kifaa kinachodhibiti uchaji wa betri, na waya wa ethi wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na akupe kwa maandishi ukubwa wa kila kifaa pamoja na dhamana yake.

Daftari zenu zipo? Leteni mbele, tuanze na nyumba yenye friji mbili.