Kutoka Faili la Mkazi Mmoja Hadi Kifungu cha Sheria: Kazi ya Seneta wa Alaska

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie kazi ya mbunge anayewakilisha watu walio mbali na makao makuu ya nchi, nami nimechagua Alaska kwa sababu huko umbali haufichiki. Jimbo lina takriban kilomita za mraba milioni 1.7, karibu mara mbili ya Tanzania, lakini sensa ya 2020 ilihesabu watu 733,391 tu. Watu hao wana maseneta 2 na mwakilishi 1 katika Bunge la Marekani. Juneau, makao makuu ya jimbo, hayafikiki kwa barabara kutoka sehemu nyingine za jimbo: unakwenda kwa ndege au kwa meli. Tena kuna tofauti ya saa. Ofisi za Washington zikifungwa saa kumi na moja jioni, Anchorage ni saa saba mchana, kwa hiyo afisa wa seneta aliyeko jimboni ana nusu siku tu ya kumpata mtu kwa simu.

Wakenya mnaoufahamu mfuko wa maendeleo ya jimbo la uchaguzi, mjue kwamba seneta wa huko hana fungu la kulipia karo au kuchimba kisima. Silaha zake ni barua, simu, na kura yake kwenye kamati.

Tuanze na barua. Chukua mfano wa mjane anayeishi kijijini kando ya mto Kuskokwim, mafao ya hifadhi ya jamii ya marehemu mumewe yamekwama. Anapiga simu ofisi ya seneta iliyo jimboni. Kabla ya lolote, lazima asaini hati ya ridhaa, kwa sababu Sheria ya Faragha ya 1974 haiziruhusu idara za serikali kumfunulia hata seneta taarifa za mtu bila idhini ya mwenyewe. Hati hiyo inataka jina kamili kama lilivyo kwenye kumbukumbu za idara, tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya faili, maelezo mafupi ya shida, na saini. Sheria ya 2019 ilizitaka idara zipokee hati za namna hii kwa njia ya kielektroniki. Mahali ambapo barua husubiri ndege, na ndege husubiri ukungu uondoke, hilo ni jambo kubwa sana.

Mambo hukwama hapo hapo mwanzoni. Jina la kwenye cheti cha ndoa halifanani na lililo kwenye faili. Binti anasaini kwa niaba ya mama bila hati ya uwakili. La kuudhi zaidi ni anwani: katika vijiji vingi nyumba hazina namba, watu wana sanduku la posta tu. Kompyuta inayodai anwani ya makazi inalirudisha ombi, na mjane anaandikiwa kwamba hakukamilisha fomu, ilhali ameandika anwani pekee aliyonayo.

Afisa mzuri hawaandikii wahusika "tunaomba msaada wenu", maana barua ya hivyo hujibiwa kwa maneno ya heshima yasiyo na kitu ndani. Anauliza jambo linalojibika: ni kielelezo gani kinakosekana, nani anakishikilia, uamuzi utatoka lini. Anaweka tarehe ya kufuatilia, na siku ikifika anapiga simu. Hawezi kuiamuru idara iamue atakavyo, na kesi iliyo mahakamani haigusi. Baada ya sakata la maseneta watano waliowabana maafisa wa serikali wanaokagua benki kwa faida ya mchangiaji wao, mwaka 1992 Seneti ilijiwekea kanuni kuhusu kuwaombea watu serikalini, na mojawapo ya misingi yake ni kwamba msaada usitolewe kwa kuangalia nani alichangia kampeni.

Sasa nifike kwenye kiini cha ninachotaka kusema. Faili la anwani likija mara moja, ni la kuandikiwa barua. Yakija mengi kutoka vijiji tofauti, shida imo kwenye kanuni yenyewe, iliyoandikwa na watu wanaodhani kila mtu anaishi kando ya barabara. Hapo faili linapaswa kutoka mezani kwa afisa wa mashauri na kwenda kwa wanaoandika miswada. Ofisi nyingi hushindwa hapa: vitengo hivi viwili havizungumzi, shida ile ile inatatuliwa mtu mmoja mmoja mwaka baada ya mwaka.

Mfano bora wa kinga ya watu wa mbali iliyowekwa kwenye kanuni ni posta ya mizigo, mpango wa kupeleka bidhaa za maduka vijijini kwa ndege kwa nauli ya posta. Chini ya Ted Stevens, aliyekuwa seneta kuanzia 1968 hadi Januari 2009 na kuongoza kamati ya matumizi ya fedha za serikali, mpango huu ulilindwa kwa miaka mingi. Muuza jumla wa Anchorage au Fairbanks anafunga unga, maziwa na nepi kwenye paleti, shehena isiyopungua ratili 1,000, yaani kama kilo 450, kisha anaipeleka moja kwa moja kwa kampuni ya ndege bila kupitia kaunta ya posta. Analipa nauli ya posta, na shirika la posta linailipa ndege, kwa hasara. Sheria ya 2002 iliuunganisha mgawo wa mizigo hiyo na usafiri wa abiria: anayebeba abiria ndiye anayepata sehemu kubwa. Kwa hiyo anayesimama Washington na kusema hasara hiyo ifutwe, anafuta pia kiti cha mgonjwa anayekwenda hospitali. Seneta wa Alaska hulazimika kuueleza mnyororo huu upya kila wajumbe wapya wanapoingia kwenye kamati.

Ila sheria ikiandikwa kwa ulegevu inaumiza. King Cove ni mji mdogo wa wavuvi huko Alaska, wenye kiwanja kifupi cha ndege na upepo mkali. Cold Bay, umbali wa chini ya kilomita 30 angani, una njia ndefu ya ndege iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na wakazi wa King Cove wanataka barabara ya kuwafikisha wagonjwa huko. Katikati kuna hifadhi ya Izembek, ambako karibu bata bukini wote wa aina ya branti mweusi wa Pasifiki hutua kula nyasi za bahari. Mwaka 1998 Bunge lilitoa dola milioni 37.5 badala ya barabara, zikiwemo fedha za hovakrafti, chombo kinachoteleza juu ya maji kwa mto wa hewa. Kilianza kazi 2007 na kusimama 2010: gharama za kukiendesha na hali ya hewa vilikishinda. Mwaka 2009 Bunge likaruhusu ubadilishanaji wa ardhi kwa ajili ya barabara, lakini uamuzi wa mwisho liliuacha kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye huko Marekani husimamia ardhi na hifadhi za taifa, naye Desemba 2013 akakataa. Tangu hapo mikataba imesainiwa, ikapingwa mahakamani, ikafutwa, ikaanzwa upya. Hoja ya ndege wa porini ni ya kweli, na hoja ya mama mjamzito anayehitaji kufikishwa hospitali ni ya kweli. Bunge lilikwepa kuchagua, likamtupia waziri.

Nimeulizwa kama ndugu zetu wanaoishi Marekani bila uraia wanaweza kwenda kwa seneta. Kwa kawaida ndiyo, ofisi hizi huhudumia wakazi wa jimbo, si wapigakura pekee. Nenda ofisi ya jimbo unaloishi, beba namba ya risiti ya uhamiaji, nakala za barua zote ulizopokea na tarehe zake. Usiwaandikie maseneta wawili kwa pamoja: idara itapokea maulizo mawili juu ya faili moja, na kila ofisi itadhani mwenzake anafuatilia.