Kijerumani: anza na "mit der", usianze na "der"

Ndugu zangu mnaojiandaa na mtihani wa Kijerumani wa B1 (ngazi ya kati) huko Dar, Nairobi na kwingineko, karibuni. Leo ni vishazi rejeshi, yaani vile vinavyoeleza nomino, kama "ninayefanya naye kazi", maana hapo ndipo alama nyingi zinapopotea.

Mwaka 1977 wanaisimu Edward Keenan na Bernard Comrie walilinganisha lugha takriban 50, wakaona kuna ngazi. Chepesi kurejeshwa ni kiima, kisha yambwa (mtendwa), chini zaidi nomino yenye kihusishi (neno kama "mit", yaani "pamoja na"), halafu mmiliki. Na kadiri unavyoshuka, ndivyo lugha nyingi zinavyoacha kiwakilishi ndani ya kishazi. Kiswahili kimo: "mama ninayefanya naye kazi". Hiyo "naye" ndiyo inayotuponza, mtu anaandika "die Frau, die ich mit ihr arbeite". Kijerumani hakiitaki hata kidogo.

Fanya hivi. Andika sentensi mbili: "Die Frau ist krank. Ich arbeite mit der Frau." Kwenye ya pili futa "Frau", peleka "mit der" mbele, kitenzi kikae mwisho: "Die Frau, mit der ich arbeite, ist krank." Koma zote mbili ni lazima. Kwenye wingi ni "mit denen", siyo "mit den".

Mmiliki sasa. Kwetu, katika "mgonjwa ambaye mguu wake umevunjika", "wake" hufuata mguu. "Dessen" humfuata mgonjwa mwenyewe: "der Patient, dessen Bein gebrochen ist". Akiwa mwanamke, "die Patientin, deren Bein". Usichomeke "das" kabla ya "Bein".

Vitabu vingi huanza na kiima kwa kuwa ni rahisi. Mimi nawashauri anzeni na kihusishi, na nina sababu. Mwaka 1988 watafiti Eckman, Bell na Nelson walifundisha wanafunzi wa Kiingereza kwa makundi, kila kundi aina moja ya kishazi. Waliofundishwa cha kihusishi walimudu na vile vyepesi ambavyo hawakufundishwa. Waliofundishwa kiima peke yake hawakufaidika hivyo na vile vigumu. Kwa mwenye muda mfupi kabla ya mtihani, hiyo ni nafuu kubwa sana.

Kwa hiyo chukueni "mit", "für", "von" na "auf", kila kimoja sentensi kumi. "Auf" ikazieni zaidi: sisi husema "basi ninalolisubiri", kihusishi hakipo, ndiyo maana watu hukisahau. Kwa Kijerumani ni "der Bus, auf den ich warte".