Tengenezeni taa ambayo fundi redio anaweza kuifungua

Shikamooni wazazi na walimu, vijana wangu mambo vipi, ndaga fijo, yaani asanteni sana kwa kuja. Leo tunaongelea taa za sola ambazo nyie wanachuo mnawatengenezea watoto wa shule huku Rungwe.

Kuna watu wanasema umeme si umeshafika, nguzo za REA, wale wa umeme vijijini, zipo mpaka Makete huko. Ni kweli na kazi kubwa imefanyika, ila nguzo kupita kijijini sio taa kuwaka ndani, mzazi bado anatakiwa afanye wairingi ya nyumba, hela hamna, kwahiyo mtoto anasomea kibatari. Na kibatari mnakijua, mtoto anainamia daftari moshi wote unaishia puani kwake, macho yanawasha, kikidondoka kitandani ni moto. Afu mafuta ya taa yanawekwa kwenye chupa ya soda, mdogo wake anadhani ni juisi anakunywa, na yakiingia kwenye mapafu yanaweza kuua. Hiki kitu kinaniuma sana.

Sa taa yenu haina mambo mengi, ni paneli, betri, LED, rezista, swichi, na kale kabodi ka kuchaji ambako ndo kanakata chaji betri ya lithiamu-ioni ya seli moja ikifika volti 4.2, msikaruke eti kubana bei. Kama bodi yenu haizuii umeme kurudi wekeni daiodi, inapitisha umeme upande mmoja tu, maana usiku paneli haizalishi kitu na betri inaanza kuvujia huko huko.

Hapa kwenye hesabu naomba mnisikilize vizuri. Paneli ya wati 1 ikipata jua kali masaa 5 inatoa wati-saa 5, toa kinachopotea njiani tuseme zinabaki 3, LED ya nusu wati inawaka masaa 6, safi. Lakini hilo ni jua la kwenye karatasi! Nendeni Tukuyu, hapo Rungwe, mwezi wa nne, mvua asubuhi mvua jioni, ukipata robo ya lile jua taa inawaka kama saa moja na nusu tu na mtoto wa darasa la saba hajamaliza hata hesabu zake. Kwahiyo kwa Rungwe mimi nasema wati 2 au 3, hata kama idadi ya taa itapungua. Bora watoto wachache wenye taa inayowaka masika. Paneli ielekee kaskazini maana sisi tupo kusini mwa ikweta, na betri msiibandike nyuma ya paneli, pale panachemka na joto linaua betri mapema.

La mwisho ndo kubwa kwangu: msifunge kwa gundi. Tumieni skrubu za kawaida, betri ya saizi inayopatikana sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na mchoro wa waya ubandikwe ndani ya kifuniko kwa Kiswahili. Betri itachoka tu, miaka miwili mitatu hivi, siku hiyo nyie mtakuwa mmeshamaliza chuo mpo Dodoma au Dar, anayebaki na mtoto ni fundi redio wa pale senta, sasa huyo akikuta boksi limegandishwa atalivunja au atalirudisha, na kibatari kinarudi mezani. Naomba kila kundi liende likae na fundi mmoja, mpeni taa aifungue mbele yenu bila kumsaidia, akikwama mnabadilisha nyie sio yeye.

Haya, chukueni mita, tunapima kila betri kabla mtu hajachomea waya.