Mwembe wa Kasoge

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu wa Kigoma, hamjambo.

Ukipanda boti kwenda kusini, milima ya Mahale unaiona saa nyingi kabla hujaifikia. Ziwa letu la Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Nkungwe kinafika mita 2,462. Huo mwinuko wote unaanzia ufukweni. Unyevu wa ziwani unanaswa na milima, kwa hiyo magharibi kuna msitu mzito wa kijani, juu yake mianzi, na kileleni nyasi. Vuka mashariki, unakuta miombo mikavu. Barabara za kuzunguka ndani ya hifadhi hakuna: ni miguu yako.

Sasa nikae kidogo Kasoge, chini ya mlima. Katikati ya msitu unakutana na mwembe, shina nene, limezongwa na mitambaazi. Mwembe si mti wa msitu ule. Kuna mtu aliupanda, akaumwagilia, watoto wake wakaugombania. Pale palikuwa kwa Watongwe. Walilima, ardhi ikichoka wakahama, msitu ukarudi, na Nkungwe waliuheshimu kama mlima wa mizimu. Miaka ya 1970 waliondolewa kwenda vijijini nje ya milima, na mwaka 1985 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba 1,613. Msitu umenawiri, nami naufurahia kwa moyo wote. Lakini inaniuma kila nisikiapo ukiitwa pori lisilowahi kuwa na mtu.

Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alipoanza kuwachunguza sokwe pale mwaka 1965, aliwakuta wenyeji. Watongwe ndio waliowaongoza watafiti njiani, na miti ikaandikwa kwenye madaftari yao kwa majina ya Kitongwe. Miaka ya 1980 watafiti hao waliwaona sokwe wakianza kuonja maembe ya miti iliyoachwa. Hebu fikirini: bibi kapanda, kahamishwa, na sokwe ndiye anayevuna!

Nina ombi kabla ya maswali. Kijana mwenye bibi au babu aliyezaliwa kule, nenda wiki hii. Muulize shamba lao lilikuwa kando ya mto gani, na walipita njia ipi kuukwea mlima. Andika kwa Kitongwe, kama atakavyotamka.

Karibuni kwa maswali. Mzee wa pale mbele, anza wewe.